Mizani Ilitangulia Shule: Kisa cha Siagi ya Denmark

Kuanzia mwaka 1889, meneja wa kiwanda cha maziwa cha Denmark kilichoshiriki katika upimaji wa siagi aliishi na hofu moja ya pekee: telegramu. Ilipofika ilimtaka achukue pipa la siagi lililokuwa tayari saa hiyo na kulituma Copenhagen bila kuchelewa. Hakupewa siku ya kujiandaa, wala nafasi ya kutengeneza pipa la maonyesho. Siagi ikifika iliwekwa ghalani siku kumi hadi kumi na nne, ifikie umri ambao ingekuwa nao ikitua mezani kwa mlaji wa Uingereza. Ndipo waamuzi, wengine wafanyabiashara wa siagi na wengine mafundi wa maziwa, walipoinusa, wakaionja na kuipa alama. Majibu yalirudi kwa meneja, pamoja na kasoro za siagi yake.

Naanzia kwenye telegramu makusudi. Anayetaka kujua kwa nini nchi fulani ina mafundi stadi wa viwanda vya kilimo na nyingine haina, kwa kawaida huelekea shuleni kwanza: vyuo viko vingapi, mtaala una nini, walimu wamesoma wapi. Mimi pia niliingia kwenye kisa hiki kwa mlango huo. Tarehe zikanikatalia. Ushirika wa kwanza wa maziwa Denmark ulianza 1882, na miaka minane baadaye viwanda vya ushirika vilikuwa vimekaribia 700. Kila kimoja kilihitaji mtu anayejua mashine ya mvuke, joto la malai, usafi, hesabu na watu. Shule za kuwafundisha watu hao zilikuja zikikimbia nyuma ya viwanda, zikihema. Kilichotangulia, na kwa miaka kama ishirini hivi, ni kipimajoto, mizani na daftari.

Siagi mbili

Mwaka 1864 Denmark ilishindwa vitani na Prussia na Austria, ikapoteza majimbo ya Schleswig, Holstein na Lauenburg. Muongo uliofuata, nafaka ya bei rahisi kutoka Marekani na Urusi ilifurika Ulaya kwa reli na meli za mvuke, na mkulima wa Denmark aliyezoea kuuza nafaka akabaki hana bei. Ng'ambo ya Bahari ya Kaskazini, miji ya viwanda ya Uingereza ilikuwa ikipanuka, na wakazi wake walitaka siagi na nyama ya nguruwe. Kuhamia kwenye mifugo hakukuhitaji mjadala mrefu.

Kilichohitaji mjadala ni siagi yenyewe, kwa sababu zilikuwepo mbili. Moja ilitoka kwenye mashamba makubwa ya mabwana, yenye ng'ombe mia na zaidi, ikauzwa kwa bei ya juu. Nyingine iliitwa tu siagi ya wakulima, na bei yake ilikuwa chini sana. Ni rahisi kusema kwamba bwana alikuwa na mafundi na mkulima hakuwa nao. Mambo hayakuwa mepesi hivyo.

Mke wa mkulima mwenye ng'ombe wanne au watano alipata malai kidogo kila siku. Ili apate ya kutosha kusukasuka, ilimbidi ayakusanye siku kadhaa, na ya siku ya kwanza yalikuwa yameshachachuka kupita kiasi kabla ya mwisho hayajaenguliwa. Siagi yake ilienda kwa mchuuzi, ambaye aliichanganya na ya majirani ishirini, akaitia chumvi upya na kuishindilia kwenye pipa moja. Mwenye mikono misafi na mwenye uvivu waliingia pipa lile lile na kulipwa bei ile ile. Hapo umpe mama yule mafunzo ya mwaka mzima. Atarudi nyumbani na ujuzi ambao pipa la mchuuzi litaumeza. Nadhani hili ndilo jambo la kwanza ambalo wapangaji wa mafunzo hulisahau: kabla ya kuuliza kama mfanyakazi amefundishwa, kuna kuuliza kama kazi yake inaonekana mahali popote baada ya kutoka mikononi mwake.

Kwenye shamba la bwana ilionekana. Pipa lilitoka shamba moja na lilijulikana la nani. Pale walifanya kazi wanawake waliobobea, wakiwa na wasichana chini yao. Maziwa yalimwagwa kwenye sinia pana za mbao ndani ya vyumba vya chini vyenye ubaridi, malai yakaelea juu, yakaenguliwa kwa mkono. Joto walilipima kwa kidole. Muda waliujua kwa macho. Ujuzi huo ulirithishwa kwa kukaa karibu na mkubwa, na ulikuwa wa kweli. Tatizo lake ni kwamba uliishia kwenye mwili wa mtu mmoja, na alipohama au kufa ulihama naye.

Mtu mwenye kipimajoto

Mnamo miaka ya 1860 akatokea Thomas Riise Segelcke (1831–1902), msomi wa sayansi, akaanza kuzunguka kwenye mashamba hayo akihubiri jambo lililowachosha wengi: pima, halafu andika. Maziwa yaliyoingia ni kiasi gani, malai yalikuwa na joto gani yalipoanza kusukwa, yalisukwa dakika ngapi, siagi iliyopatikana ina uzito gani. Nyuzi mbili tatu zikizidi, siagi huwa laini na mafuta mengi hubaki kwenye maziwa yanayomwagwa. Kidole hakitambui nyuzi mbili. Daftari likitunzwa msimu mmoja humwonyesha hata mbishi ni siku zipi alipoteza fedha.

Vijana waliotaka kujifunza kazi hii waliwekwa kwenye mashamba yaliyochaguliwa kama wanagenzi, wakifanya kazi kamili huku wakitunza madaftari yao. Baadaye Segelcke alifundisha fani ya maziwa katika Chuo cha Kifalme cha Mifugo na Kilimo mjini Copenhagen, kilichofunguliwa mwaka 1858. Lakini ukimsoma vizuri, darasa lake kubwa lilikuwa yale madaftari. Yaligeuza ujuzi wa kidole kuwa namba, na namba husafiri: mtu wa shamba jingine anaweza kuisoma, kuibishia, kuijaribu kwake.

Isidhaniwe kwamba mafunzo yote yalitoka kwa wanaume wa chuo. Hanne Nielsen (1829–1903), mke wa mkulima kaskazini mwa Copenhagen, alisafiri nchi kadhaa za Ulaya kujifunza utengenezaji wa jibini, akarudi na kulifanya shamba lake, Havarthigaard, kuwa mahali pa kufundishia. Wasichana walimwendea kutoka mbali. Jibini la Havarti limebeba jina la shamba lake hadi leo. Nitarudi kwa wanawake hawa, kwa sababu hesabu ya kisa hiki haikamiliki bila wao.

Mashine inabadilisha maana ya fundi

Mwaka 1878 Gustaf de Laval wa Uswidi alitoa mashine ya kutenga malai mfululizo: maziwa yanaingia kwenye bakuli la chuma linalozunguka maelfu ya mizunguko kwa dakika, malai yanatoka upande huu, maziwa yaliyoenguliwa upande ule. Mafundi wa Denmark nao walikuwa wanatengeneza za kwao kipindi hicho hicho. Kwenye chuo cha Copenhagen, mwalimu wa fizikia N. J. Fjord (1825–1891) alizijaribu moja baada ya nyingine, akilinganisha na njia za zamani za sinia na za makopo marefu yanayozamishwa kwenye maji ya barafu, na kutangaza matokeo kwa umma. Mkulima alisoma mwenyewe ni mafuta kiasi gani yanabaki akitumia njia gani.

Mashine ile ilifanya mambo matatu kwa mpigo. Ilifuta ile kazi ya kungoja malai yaelee, kwa hiyo maziwa ya mkulima mdogo sasa yangeweza kuchanganywa na ya wengine yakiwa bado mabichi, na tofauti kati ya siagi ya bwana na ya mkulima ikakosa msingi. Ilidai maziwa ya mamia ya ng'ombe ili injini ya mvuke ijilipie. Na ilibadilisha fundi. Anayeendesha bakuli la chuma kwa kasi ile, ambalo likiwa na ufa linaweza kupasuka na kuua, akiwa na boila ya mvuke nyuma yake, anahitaji maarifa ambayo yule mama wa sinia hakuwahi kuyahitaji. Huku maarifa mengine ya mama yule yakibaki na thamani ile ile: harufu ya malai yaliyoiva, siagi inavyokandwa, chumvi inavyokaa.

Wafadhili wa mafunzo wangeweza kuishia hapo na kusema teknolojia mpya imeleta hitaji la ujuzi. Sawa. Lakini mashine hiyo hiyo iliuzwa nchi nyingine pia, na haikuzalisha kila mahali kile ilichozalisha Denmark.

Hjedding

Katika eneo la Hjedding, karibu na Ølgod magharibi ya Jutland, rasi kubwa ya Denmark, penye ardhi isiyo na rutuba ya kujivunia, wakulima walikubaliana mwaka 1882 kujenga kiwanda chao wenyewe badala ya kumuuzia maziwa mtu binafsi. Kazi ya kukiendesha ilikuwa kwa kijana aliyeijua kazi ya maziwa, Stilling Andersen. Kanuni zao zilinakiliwa na vijiji jirani, na vya mbali, kwa kasi ya moto wa nyikani. Mwanachama alijifunga kupeleka maziwa yake yote isipokuwa ya kunywa nyumbani. Maziwa yaliyoenguliwa alirudishiwa kwa ajili ya ndama na nguruwe. Faida iligawanywa kwa kiasi cha maziwa aliyoleta mtu. Mkopo wa kujengea ulichukuliwa kwa dhamana ya pamoja, maana yake kiwanda kikianguka kila mmoja anadaiwa. Na kwa kawaida ya vyama hivyo, kura zilihesabiwa kwa vichwa vya watu, wala hazikuhesabiwa kwa vichwa vya ng'ombe.

Ile dhamana ya pamoja, kwa maoni yangu, ilifanya kazi kubwa ya mafunzo kuliko semina yoyote. Meneja mbovu sasa hakuwa tatizo la mwajiri mmoja tajiri. Alikuwa hatari kwa nyumba ya kila mwanachama. Wakulima ambao jana walikuwa hawajui tofauti ya mashine moja na nyingine walianza kukaa kwenye mikutano wakiuliza kwa nini siagi ya kijiji cha pili imepata bei ya juu kuliko yao wiki hii. Bei ya juu ya soko la Copenhagen ilitangazwa kila wiki, na kila mtu aliweza kuweka bei yake kando ya ile na kuona pengo. Vilikuwepo viwanda vilivyofungamanisha sehemu ya malipo ya meneja na pengo hilo. Katika hali hiyo, meneja asiyejifunza hakuhitaji kushauriwa ajifunze.

Kulikuwa na tundu moja. Maziwa yalilipwa kwa uzito, na penye uzito pana maji. Mwanachama mwenye tamaa aliweza kuongeza maji, au kuengua malai kidogo usiku, na aliyekuwa na ng'ombe wa maziwa mazito alilipwa sawa na mwenye maziwa mepesi. Wenye maziwa mazuri wakinung'unika wakajitoa, ushirika umekufa. Fjord akatengeneza, katikati ya miaka ya 1880, kifaa cha kupimia mafuta ya sampuli nyingi kwa wakati mmoja, na viwanda vikaanza kulipa kwa mafuta. Kazi mpya ikazaliwa kiwandani: kuchukua sampuli, kuzipima, kuzihesabu, na kusimama mbele ya jirani yako ukamwambia kwamba maziwa yake ni mepesi. Hiyo ya mwisho haifundishwi kwa kifaa. Meneja alikuwa na mamlaka ya kuyakataa maziwa machafu, na kanuni za vyama zilikwenda hadi zizini, zikieleza ng'ombe mgonjwa asikamuliwe kwa ajili ya kiwanda na chakula gani cha mifugo kinaharibu ladha ya siagi. Hivyo mkulima mwenyewe akawa anafunzwa, kila asubuhi, na mkokoteni unaokusanya makopo.

Shule inafika, na inakuta watu wa namna gani

Sasa tunaweza kwenda shuleni. Ladelund katika Jutland ilianza kama shule ya kilimo mwaka 1879, na Dalum karibu na Odense mwaka 1886. Zote mbili zilikuja kuwa na masomo ya maziwa yaliyosifika. Mwendo wa kijana ulikuwa huu: aanze kama msaidizi kiwandani, abebe makopo, asugue sakafu, aoshe mashine, ajifunze boila, apitie viwanda viwili vitatu kwa miaka kadhaa, ndipo aende shuleni kwa miezi kadhaa kujifunza kemia ya maziwa, bakteria, hesabu za kiwanda, ufundi wa mashine, halafu arudi kama msaidizi mkuu na hatimaye meneja. Mwalimu hakuhitaji kumweleza joto la malai ni nini. Alimweleza kwa nini lile alilolifanya mara elfu lilifanikiwa siku fulani na kushindikana siku nyingine.

Shule hizo zilikuta pia kitu ambacho hakikujengwa na sekta ya maziwa hata kidogo. Tangu sheria ya mwaka 1814 watoto wa Denmark walilazimika kupata elimu ya msingi. Meneja aliweza kusoma jarida la maziwa. Mkulima aliweza kusoma hati ya malipo na kuikataa ikikosewa. Juu ya hapo zilikuwepo zile shule za watu wazima za vijijini, zilizotokana na mawazo ya mchungaji N. F. S. Grundtvig, ya kwanza ikiwa Rødding mwaka 1844, na nyingi zikaibuka baada ya kushindwa kwa 1864. Vijana wa kiume walikwenda miezi ya baridi, wa kike miezi ya kiangazi. Hazikuwa na mitihani. Zilifundisha historia, lugha, nyimbo, mijadala. Nani angeziweka kwenye bajeti ya kukuza siagi? Na bado vijana waliotoka pale ndio walioweza kuendesha mkutano, kuandika kumbukumbu, kupinga hoja bila kuvunja chama. Wako wanaozipa sifa zote za mafanikio ya ushirika, na hapo naona wanazidisha, kwa sababu viwanda vya siagi vilienea pia mahali ambapo shule hizo hazikuwa na nguvu. Sehemu yao ipo, hata hivyo.

Majira ya baridi

Jambo hili huonekana dogo, nami naliweka karibu na juu ya orodha. Kwa desturi ya zamani ng'ombe walizaa majira ya machipuko, wakatoa maziwa kiangazi na kukauka baridi. Kiwanda cha mwendo huo kinafanya kazi nusu mwaka. Nani atajifunza ufundi wa miaka mitano kwa kazi ya nusu mwaka? Na mwenye kiwanda atamlipaje fundi miezi ambayo hakuna maziwa?

Wakulima wa Denmark walihamishia sehemu kubwa ya uzazi kwenye majira ya kupukutika majani, wakalisha ng'ombe zizini wakati wa baridi kwa mizizi na mashudu, na Fjord, huyu huyu, akaendesha majaribio ya ulishaji. Siagi ikapatikana mwaka mzima. Wanunuzi wa Uingereza wakapenda siagi inayokuja kila wiki kwa ubora ule ule, na kiwanda kikapata kazi ya mwaka mzima ya kumlipa meneja mshahara wa mwaka mzima.

Ireland ni mfano wa kulinganishia. Ilikuwa na nyasi nzuri, ilikuwa karibu zaidi na mnunuzi, na siagi yake ilishajulikana Uingereza kwa muda mrefu. Ilipata mashine zile zile, na kuanzia 1889 ikapata ushirika wake wa maziwa kwa juhudi za Horace Plunkett, mhamasishaji wa ushirika huko. Lakini maziwa yake yalibaki ya kiangazi. Mnunuzi aliyezoea siagi ya Denmark wakati wa baridi hakuwa na sababu ya kumwacha muuzaji wake majani yalipoota. Zipo sababu nyingine nyingi za Ireland kubaki nyuma, zikiwemo migogoro ya ardhi na mivutano kati ya viwanda vya ushirika na vya wenye mali. Ila anayepanga mafunzo ya kiwanda kinachosindika zao la msimu angefanya vyema kutazama kalenda ya zao kabla ya kuandika mtaala.

Nani analipia ujuzi unaohama

Swali la kawaida la mwajiri ni hili: nikimfundisha, akaondoka? Denmark ilikuwa na mamia ya viwanda vinavyofanana kama mapacha, mashine zile zile, siagi ile ile, soko lile lile. Fundi aliyefundishwa kijiji kimoja alifaa kesho kijiji cha tatu. Kwa nadharia, hapo ndipo mafunzo hufa, kila mmoja akingoja mwenzake afundishe.

Hayakufa, na sababu ninazoziona ni za kawaida kabisa. Mwanagenzi alijilipia mwenyewe kwa ujira mdogo wa miaka ya mwanzo, akijua kuna mamia ya nafasi za umeneja mbele yake. Kiwanda kilichompoteza fundi kilimpata mwingine kutoka kiwanda jirani, aliyekuja na mbinu ambazo huku hazikujulikana. Tena, siagi hiyo yote iliuzwa Uingereza kwa jina moja la nchi. Pipa bovu la kijiji kimoja lilimchafulia jina aliyeko upande wa pili wa nchi, kwa hiyo kumfundisha mfanyakazi wa jirani hakukuwa sadaka. Mwaka 1901 jina hilo lilipewa alama rasmi, Lurmærket, yenye picha ya baragumu za kale za shaba, na baadaye sheria ikaifanya kuwa ya lazima kwa siagi ya kuuza nje. Zile telegramu za ghafla na alama hii ni ndugu wa tumbo moja.

Ujuzi wenyewe haukukaa mahali pamoja. Mwaka 1890 Vilhelm Storch, mtafiti wa maziwa wa Denmark, alionyesha jinsi ya kuchachusha malai kwa chachu safi ya bakteria waliochaguliwa badala ya kutegemea uchachu wa bahati, na mafundi waliokuwa kazini ikabidi wajifunze kutunza chachu hai kama mtu anavyotunza kifaranga. Mwaka 1898, kwa msukumo wa daktari wa mifugo Bernhard Bang aliyekuwa akipambana na kifua kikuu cha ng'ombe, sheria ilitaka maziwa yaliyoenguliwa yapashwe joto la zaidi ya nyuzi 80 kabla ya kurudishwa mashambani. Storch akatoa jaribio la kemikali linaloonyesha kwa rangi kama maziwa yamepashwa kweli. Hapa tena sheria, kipimo na somo vilifika kwa mkokoteni mmoja. Sheria isiyo na kipimo ingewafundisha mafundi namna ya kujaza fomu tu.

Waliopotea kwenye hesabu

Niliahidi kurudi kwa wanawake. Kabla ya 1882 siagi ilikuwa kazi ya wanawake, kwenye nyumba ya mkulima na kwenye shamba la bwana pia. Mwanamke aliyesimamia maziwa ya shamba kubwa alikuwa fundi anayeheshimika, mwenye wasaidizi chini yake na malipo mazuri kwa kipimo cha wakati ule. Kwa mke wa mkulima, siagi ilikuwa eneo lake mwenyewe la nyumba.

Viwanda vya ushirika vilipoenea, umeneja ulikwenda kwa wanaume kwa wingi mkubwa. Sababu zilizotajwa zilikuwa za mashine: boila, injini, makopo mazito. Lakini meneja hakuwa mbeba makopo. Alikuwa mtu wa mkataba, wa kusaini, wa kusimama mbele ya mkutano wa wanachama ambao karibu wote walikuwa wanaume. Njia ya mafunzo niliyoieleza, ya kuhama kiwanda hadi kiwanda ukilala popote kwa miaka kadhaa, ilifaa kijana wa kiume asiye na mtoto. Wanawake walibaki kama wasaidizi, na kizazi kimoja kilitosha kwa kazi iliyokuwa na sura ya kike kuwa na sura ya kiume. Mama wa mkulima akapumzishwa kazi nzito, na wengi walishukuru. Fedha za siagi nazo zikahama kutoka mkononi mwake kwenda kwenye hati ya malipo yenye jina la mumewe.

Sitaki kulipunguza hili kuwa tanbihi. Ripoti nyingi husema mafunzo yalizalisha mafundi stadi, kana kwamba hapakuwa na mafundi kabla. Walikuwepo. Mfumo mpya ulichagua ni ujuzi gani uitwe ujuzi, ukaupa cheti, na ule mwingine ukaachwa ufe na wenyewe.

Kinachoweza kubebwa na kisichobebeka

Mambo mengine ya kisa hiki hayaendi kokote. Nchi tambarare, vijiji vilivyokaribiana kiasi cha mkokoteni wa farasi kukusanya maziwa asubuhi kabla hayajaharibika, mnunuzi mmoja mkubwa aliye safari fupi ya meli kutoka bandari ya Esbjerg, wakulima wa kati wengi wenye ardhi yao: hivyo huwezi kuvifunga kwenye kifurushi. Siagi nayo ni bidhaa pole kwa mfundishaji, maana kasoro yake inanusika baada ya wiki mbili. Ufundi wa zao ambalo kasoro yake hujitokeza baada ya miaka mitatu utafundishwaje kwa njia hii? Sina jibu la haraka.

Mpangilio wa matukio, hata hivyo, unaweza kujaribiwa popote. Kazi ya mtu mmoja itenganishwe na ya mwingine ili ionekane. Ipimwe kwa kitu ambacho mpimwaji mwenyewe anakielewa. Matokeo yaguse mfuko wa mtu mwenye uwezo wa kumbadilisha meneja. Kazi iwe ya mwaka mzima au karibu yake. Ndipo mlango wa darasa ufunguliwe, na atakayeingia atakuwa na maswali.

Mwaka 1895 wakulima wa Vejen, kusini mwa Jutland, walikipeleka kipimo hatua moja mbele, hadi kwa ng'ombe mmoja mmoja. Waliunda chama cha kuajiri msaidizi wa kuzunguka mashamba, mkokoteni ukibeba mizani yake, mirija ya kioo na daftari. Vyama vya namna hiyo vilienea haraka, na masomo mafupi ya kuwaandaa wasaidizi yakaanzishwa. Msaidizi alifika jioni, akapima maziwa ya kila ng'ombe, akalala hapo hapo kwa mwenyeji, akapima tena alfajiri, akapima mafuta, akaandika chakula kilicholiwa, kisha akaelekea shamba linalofuata. Baada ya wiki kadhaa alirudi. Alikuwa kijana, mara nyingi mdogo kuliko watoto wa mwenye shamba. Naye alikuja kumwambia mzee aliyefuga maisha yake yote kwamba ng'ombe anayempenda kuliko wote, yule wa kwanza kwenye zizi, anakula kuliko anavyotoa.